Mheshimiwa wa Daraja

Walter Ombui alirudi kwao Sironga mwaka wa 1971 akiwa na koti moja na kikohozi. Huko Nairobi alikuwa ameigiza katika mchezo wa kuchekesha wa runinga, akiwa mheshimiwa mjinga mwenye madaraka makubwa. Mkubwa mmoja akajiona ndani yake, mchezo ukasimamishwa na waigizaji wakafukuzwa.

Nyumbani hakuna aliyewahi kuuona. Runinga yenyewe hawakuijua.

"Miaka yote hiyo unachekesha watu," babake, mzee Onsongo, alimwambia, "na chai nachuma mimi?"

Mkewe, Nyanchera, hakuuliza kitu. Aliamini, kama jirani zake, kwamba mjini kulikuwa na mwanamke. Walter akaacha kueleza. Alichuma chai, akakohoa, akakonda, hata akalazwa wodi ya kifua kikuu mjini Kisii.

Asubuhi moja muuguzi mgeni, Rispa, mtu wa upande wa ziwani aliyesomea kazi Nairobi, alisimama ghafla mbele ya kitanda chake.

"Wewe si ndiye Mheshimiwa? Yule wa daraja?"

Walter akageukia ukuta. Rispa akamgeukia Nyanchera, aliyeshika kikombe cha uji.

"Mama, unajua umeolewa na nani?"

Akatoa tumbo mbele, akaanza kusimulia. Mheshimiwa anazindua daraja katikati ya shamba la mahindi. Watu wanauliza mto uko wapi. "Mto tumeshauagiza," anajibu. "Kwani mnataka maendeleo yote siku moja?"

Wagonjwa walicheka mpaka wakashika vifua kwa maumivu.

"Baba Orpah," Nyanchera akamwita kwa jina la binti yao, "hayo uliyasema wewe?"

"Niliyasema. Na niliyaandika mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulinyamaza."

Nyanchera akauliza kama mchezo huo ungeweza kuonekana tena. Rispa akatikisa kichwa: alisikia kanda zilifutwa, zikarekodiwa mechi za mpira.

Walter alifariki wiki hiyo. Mazishini mhubiri alimtaja kuwa mkulima mtulivu. Nyanchera akainuka, wanawake wakimvuta nguo akae.

"Mume wangu aliwacheka wakubwa, wakamfukuza," akasema. "Hakukuwa na mwanamke. Alikuwa anafanya kazi. Kazi nzuri, na mimi..."

Mzee Onsongo akaamuru wimbo uanze, na vijana wakashika majembe.