Siku Protini Yangu Ilipoangusha Turubai

Kaa vizuri nikusimulie, ila cheka taratibu, maana mpaka leo nikipita Bonga kuna wazazi wananiita Mwalimu wa Treni, na aibu yenyewe ni kwamba naitika.

Ilikuwa miaka ile mkoa wa Manyara bado mchanga, nami nafundisha baiolojia katika sekondari moja pale Bonga. Wazazi wa kidato cha pili walikuwa wanakuja kuamua kama watoto wao wachukue sayansi, na mkuu wa shule alishaniambia wazi, "Wakikataa, darasa lako la sayansi nalifunga." Nikaona badala ya hotuba niwaonyeshe protini kwa macho yao.

Protini ni mnyororo mrefu unaojikunja wenyewe, na kazi yake inategemea umbo lililopatikana baada ya kujikunja (kama ufunguo: ukiupinda kidogo tu, kitasa hakifunguki). Basi nikawafunga wanafunzi kumi na wawili kwa kamba moja kiunoni, kila mmoja pingili ya mnyororo, wengine wana kitambaa cha njano, wengine cha bluu. Uwanja ndio maji. Wa njano hapendi maji, kwa hiyo atafute wa njano mwenzake amshike; wa bluu anayapenda, abaki nje. Nikipuliza filimbi wanajikunja, katikati panabaki nafasi ya kudaka mpira, na mpira ndio oksijeni, kwa sababu protini hii ni ile ya kwenye damu inayobeba oksijeni. Pembeni kulikuwa na mnyororo wa pili, sawa na huo. Tulifanya mazoezi wiki nzima, mpira haukuanguka hata mara moja. Siku yenyewe wazazi wakakaa kando ya uwanja, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo.

Dakika tano kabla ya kuanza akaja Mama Elibariki, mwenye duka la vipuri stendi, na mpiga picha nyuma yake.

"Mwalimu, naomba nikusumbue. Mwanangu umemficha huko ndani, picha itatoka kisogo. Msogeze nje."

"Mama, kila mtu ana nafasi yake."

"Mtoto mmoja tu. Kwani nani atajua?"

Nikawaza, kati ya kumi na wawili, mmoja ataharibu nini? Nikawabadilishana nafasi Elibariki wa njano na Neema wa bluu, kila mmoja na kitambaa chake.

Nikapuliza. Neema, alivyojikuta ndani, akasukuma wenzake atoke nje kwenye maji yake. Elibariki huko nje hakuona wa njano wa kumshika, akaangaza, akamwona wa njano mmoja wa mnyororo wa pili, akamkamata mkanda. Nikapuliza tena nikidhani hawakusikia, wakakazana zaidi, minyororo miwili ikawa fimbo moja ndefu inayokwenda isikojua kama treni iliyoacha reli, kamba ikanasa kwenye nguzo, na turubai likawashukia wazazi, mkuu wa shule na soda zao.

"Mnafanya nini?"

"Ulivyosema, Mwalimu," akajibu Neema, anahema.

Na kweli, hakuna aliyevunja sheria. Hicho ndicho kilichonichanganya. Nilisimama nikihesabu vitambaa kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe (nadhani nilipuliza filimbi mara ya tatu).

"Mwalimu," sauti ya mkuu ikatoka chini ya turubai, "hii ndiyo sayansi yenyewe?"

Mama Neema, mkulima wa Mutuka, akajitoa chini ya turubai akaniuliza polepole, "Mdogo wake Neema ana selimundu. Daktari alisema kwenye damu yake kuna kitu kimoja hakipo mahali pake. Sikumwelewa. Ndiyo hii?"

Hapo ndipo na mimi nikaelewa nilichokifanya.

"Ndiyo, mama. Kimoja tu. Kisichopenda maji kimewekwa nje, basi protini zinashikana, zinakuwa fimbo, chembe ya damu inapinda na kukwama kwenye mishipa."

"Kwa hiyo siyo chakula nilichomlisha?"

"Hapana, mama. Amezaliwa nayo."

Akamgeukia mkuu aliyekuwa anakung'uta koti. "Neema atasoma sayansi. Niandikie jina."

Wengine wakamfuata, baadhi bado wanacheka, na darasa langu halikufungwa.

Tangu siku hiyo simhamishi mtu kwa ajili ya picha. Nawe ukitaka kuwafundisha watoto hivi, chora miduara kwa chaki, ipe namba, kila mtoto asimame kwenye namba yake. Wakishaweza, badilisha mmoja kwa makusudi, mbali na turubai.