Mama Breki na Mabinti Wake wa Mbio

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi viatu ambaye pia ni kocha wa timu ya mabinti anakipindua kiatu cha mpira, anapitisha kidole kwenye ncha ya soli, kisha anaguna.

"Huyu jana kakimbia."

Mwenye kiatu, mshambuliaji wa miaka kumi na minne anayeitwa Kiberiti, anatazama juu kana kwamba jibu limeandikwa kwenye bati.

"Kidogo tu, kocha."

"Kidogo ndiyo iliyokula soli hii? Au ni panya?"

Jana ilikuwa siku ya kupumzika. Leo ni mechi, na wazazi wameshasema: timu ikifungwa, kocha abaki na gundi yake. Wao ndio waliombandika jina la Mama Breki, kwa kuwa mbio za kasi anawapa mabinti mara mbili tu kwa wiki, ilhali wapinzani wanakimbizwa kila siku hadi ulimi nje.

Hata yeye alipitia huko. Msimu wake wa kwanza aliwakimbiza kila uchao. Walianza kama swala, wakaishia kama wabeba magunia, kila mmoja kashika paja.

"Nikapunguza, kasi ikarudi," anasema, akikata uzi kwa meno. "Mbio zinauchosha mwili, mwanangu. Nguvu zinaingia ukiwa umelala."

Ujira wa kushona soli ndio unaonunua mipira ya timu.

Uwanjani, anamweka Kiberiti benchi. Baba wa binti huyo, ambaye ndiye mwenyekiti wa wazazi, anachemka.

"Unamweka nje mfungaji wetu?"

"Miguu yake imechoka, mzee. Kiatu kimeniambia."

"Tukifungwa, utajua!"

"Nikifukuzwa, kazi ninayo. Hivyo viatu vyako navyo vinacheka, soli wazi."

Kipindi cha kwanza hakuna bao. Cha pili, wapinzani wanaanza kushika viuno. Dakika za lala salama, Mama Breki anamwachia Kiberiti aingie. Mpira unapigwa nyuma ya mabeki. Binti anaufuata kwa miguu, wao wanaufuata kwa macho. Wavu unatikisika.

Filimbi ya mwisho inamkuta kocha akifuta macho kwa aproni yenye gundi. "Wangu hao," anasema. "Wote wangu." Sasa anataka kuanzisha timu ya pili, ya wadogo zao wanaookota mipira nje ya mstari.

Mwenyekiti anamjia pekupeku, viatu mkononi.

"Kocha, kesho mazoezi saa ngapi? Niwalete mapema."

"Kesho wanalala, mzee. Viatu viache hapo."