Swali Kabla ya Sindano

Flaviana alikuwa muuguzi wa kliniki ya afya ya akili katika kituo kimoja cha afya upande wa Chamazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Wagonjwa walimsifu kwa mkono mwepesi. Petro, fundi seremala wa Keko, alipokosa sindano yake ya kila mwezi miezi miwili mfululizo, ilibaki tu kumwandika "mtoro" daftarini. Moyo wa Flaviana ulikataa. Akamfuata karakanani.

Alimkuta ameinamia mguu wa kitanda, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sista, umekuja kunichoma hapahapa?"

"Nimekuja kukuuliza kwa nini umetuacha."

Petro akanyoosha mikono. "Mie nikichomwa, wiki mbili nzima hii inakakamaa, inatetemeka. Patasi inaniponyoka. Nisipochomwa, sauti zinarudi kichwani. Nikaona bora sauti, nifanye kazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniulizaga lini? Pale ni geuka, vumilia, haya nenda."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Flaviana. Alikaa juu ya rundo la mbao, akamwomba aje amweleze daktari hayohayo.

Kwenye kikao cha wahudumu cha Ijumaa alianza na nafsi yake. "Nimemchoma Petro miaka mitatu bila kumuuliza dawa inamfanyaje. Sidhani kama niko peke yangu."

Daktari Talha alifungua mdomo kuisingizia foleni, akaghairi. "Na wale watoro wengine, kuna aliyewafuata?"

Hakuna. Wakagawana majina, kila mtu wanne. Wakarudi na habari: mmoja ulimi unakuwa mzito, mwingine analala hadi mchana, mama mmoja anaona haya jina lake kutangazwa barazani. Tangu hapo wakaacha kutangaza majina, na kabla ya sindano likawekwa swali. Foleni ikawa ndefu kidogo, wakavumiliana.

Petro alirudi na mama yake, Apolonia. Daktari akapunguza dozi, akaongeza kidonge cha kutuliza mtetemo. Haikukaa sawa mara moja. Walirekebisha mara mbili. Mwezi wa nne tangu arudi, Petro aliingia akitabasamu.

"Nalala, sista. Na juzi nimechonga ua zima kwenye ubao wa kitanda. Jani moja tu limepinda."

Baada yake akaingia Bi Zubeida, mwenye duka la vitambaa.

"Shikamoo, bibi. Dawa inakufanyaje?"

"Marahaba. Yangu marefu, mwanangu. Una nafasi kweli?"

Flaviana akaweka sindano kwenye trei, akavuta kiti.