Mama Mkwe Mbele ya Pangaboi

Jamani, najua mtacheka, basi chekeni tu, maana aibu hii nimeibeba tangu enzi za Mwingereza na mpaka leo haijapungua uzito hata kidogo: mimi ndiye yule mtu wa Mwanza aliyewakimbiza wakwe zake kwa ndege. Si kwa matusi, si kwa fimbo. Kwa ndege, injini inanguruma, mchana kweupe, watu wamejaa.

Ilikuwa wakati wa vita kuu ya pili, na uwanja wetu wa ndege ulikuwa nyasi tupu kando ya ziwa (asubuhi kwanza mnafukuza mbuzi ndipo mnaanza kazi), tukachaguliwa vijana wachache tuliojua kusoma ili tufundishwe mambo ya ndege: injini inakula mafuta vipi, oili inapita wapi, cheche inatoka wapi, na zile saa za mbele ya rubani kila moja inasema nini. Mwalimu wetu alikuwa Mwingereza mmoja mrefu tuliyemwita Bwana Polepole, kwa sababu neno lake la Kiswahili alilolipenda ndilo hilo, ukifungua nati, polepole, ukimimina oili, polepole, hata ukipiga chafya alikuwa anakutazama kama umeharakisha. Alikuwa akisema, "Injini haina mdomo. Inasema kwa saa. Soma saa!" Ee bwana wee, nilipagawa! Nilikuwa nalala naota mishale ya oili inapanda. Nilijua ikiwashwa injini na mshale wa oili usipopanda upesi, unazima hapohapo, usingoje kuuliza. Nilijua kila bomba. Nikitembea njiani naongea peke yangu, watu wananikwepa.

Sasa, nilikuwa na mchumba kule Igoma, anaitwa Milembe, na mambo yetu yalikuwa yameshafika mahali pazuri isipokuwa kwa baba yake, Mzee Ng'wandu, mfugaji, mtu wa maneno machache na jicho kali. Yeye alisema hivi, "Mimi binti yangu simpi mtu ambaye kazi yake naisikia inanguruma juu tu. Nitakuja niione kwa macho yangu. Nikiridhika, mchukue. Nisiporidhika, usirudi hapa." Basi. Milembe wangu akawa amening'inia kwenye siku moja ya Jumamosi.

Nikamwomba Bwana Polepole, nikambembeleza wiki nzima, aniache siku hiyo nikae mimi kwenye kiti wakati wa somo la kuitembeza ndege chini. Ilikuwa ndege ndogo ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, viti viko wazi juu, haina breki (ndiyo, haina!), kwa hiyo ikitembea chini wanafunzi wawili wanashika ncha za mabawa, mmoja kulia na mmoja kushoto, kuiongoza kama mnavyoongoza ng'ombe mkorofi. Bwana akakubali. "Mpaka kwenye pipa lile, kisha zima. Polepole."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo ulioniponza. Pale bandani, msumarini, lilikuwa limening'inia koti la ngozi la Bwana, lile analovaa akipanda juu kwenye baridi, zito, refu, mifuko kama magunia. Mimi nilikuwa siendi juu, naenda kwenye pipa. Jua la Mwanza linawaka. Lakini nikasema moyoni, Mzee Ng'wandu akiniona na koti hili, kwisha habari yake. Nikalivaa. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi.

Mzee akafika na fimbo yake, nyuma yake Milembe amejitanda kanga, na watu wengine waliokuja kuona bure tu, akiwamo mwenye duka mmoja Mhindi na mwavuli wake. Nikamwendea nikaamkia, "Shikamoo baba!" "Marahaba." Nikamkaribisha achungulie kwenye kiti, aone saa. Akanyoosha kidole, "Hii inasema nini?"

"Hiyo baba inasema ndege iko juu kiasi gani."

"Na sasa hivi inasemaje?"

(Ningenyamaza! Ningesema imelala!) Nikajibu kwa furaha, "Inasema tuko juu futi elfu tatu na ushei."

Mzee akatazama miguu yake. Akatazama nyasi. Akasema, "Kijana, mimi nimesimama chini." Nikaanza kumweleza kwamba saa ile inahesabu toka baharini, na ziwa letu lenyewe liko juu sana kuliko bahari, na yeye akauliza, "Bahari gani? Iko wapi hapa?" watu wakacheka, akarudi nyuma na kuegemea fimbo yake, na uso wake nikausoma upesi kuliko saa yoyote. Alikuwa ananiona mwongo. Nikajua sasa dawa ni moja tu, niitembeze hii ndege kwa ufundi ambao hajawahi kuuona.

Nikapanda. Mwenzetu Magesa, Mkerewe mwenye mikono kama makasia, akazungusha pangaboi pale puani mwa ndege, injini ikapasuka na kunguruma, mshale wa oili ukapanda, lo, ukapanda vizuri kabisa! Magogo ya kuzuia magurudumu yakaondolewa, Magesa akashika bawa la kulia, mwenzake la kushoto, tukaanza. Polepole. Nyasi zinalala, upepo unanipiga usoni, namwona Milembe anaficha mdomo kwa kanga akicheka kwa furaha, na mimi kifua kimetuna ndani ya lile koti, nasema moyoni nimeshinda, nimeshinda!

Ndipo nikamwona mama mkwe.

Sasa ambaye si wa kwetu lazima nimweleze. Mkwe wa kike hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwingine apite, na kukaa juu yake huku ukimkodolea macho, hilo halisemeki. Yeye kwa desturi alitakiwa abaki nyumbani, na mimi nilijua amebaki, kumbe alikuja kwa kificho nyuma ya wengine, akajibanza kwenye mapipa, na injini iliponguruma akasahau kila kitu akajitokeza mbele, mdomo wazi, macho kwa macho na mimi!

Nikazama. Sikufikiri, nilizama kama bata, nikajikunja chini kabisa kwenye kiti, na mfuko wa lile koti ukaunasa mkono wa moto, ule unaoongeza kasi ya injini, ukausukuma mbele wote. Mayo wane, mama yangu! Ndege ikachomoka kama imechomwa mkuki. Yule wa kushoto akaachia akakimbia zake. Magesa, mtu mwaminifu, hakuachia, akang'ang'ania bawa lake la kulia kwa nguvu zote, kwa hiyo ndege ikawa haiendi mbele, inamzunguka yeye, duara moja, duara la pili, mkia unapiga huku na huku, na nje nasikia watu wanapiga yowe, "Haina mtu! Inakwenda yenyewe, haina mtu!"

Mtaniuliza, si uurudishe ule mkono, au uzime? Mkono ulikuwa umenasa mfukoni, haurudi. Swichi za ndege ile zilikuwa nje, ukingoni mwa kiti, huwezi kuzifikia mpaka utoe kichwa na bega. Nikatoa kichwa. Mama mkwe yuko mbele anakimbia. Nikazama. Tukazunguka, nikatoa tena kichwa, nikasema safari hii atakuwa ameshatoka, wapi, yuko palepale mbele, maana yeye alikuwa anakimbia na duara limemfuata, na safari hii alikuwa amegeuka kunitazama! Nikazama. Mwavuli wa Mhindi ukapita hewani. Mzee Ng'wandu nilimsikia akiita jina la babu yake. Bwana Polepole alikuwa anapaza sauti, "Haraka! Haraka!" na hiyo ndiyo siku pekee tuliyomsikia akilitamka neno hilo.

Kisha nikasikia Milembe analia, "Mama, simama! Anakuonea haya! Geuka!"

Nikachungulia kwa jicho moja, kwenye ukingo. Yule mama alikuwa amesimama. Katikati ya uwanja, mashine inamjia, akanipa mgongo, akajifunika kanga kichwa kizima, akakaa chini kwenye nyasi, ametulia kama anapepeta mchele. Nikajichomoa mle ndani, koti likachanika, nikapiga swichi zote mbili kwa kiganja. Pangaboi ikakohoa, ikasimama. Ndege ikaendelea kujikokota, ikajikokota, ikasimama, na kivuli cha bawa kikamfunika mama mkwe mabega yote.

Magesa akaanguka chali.

Nilishuka nimegeuzia uso ziwa ili nisimwone. Bwana Polepole akanivua koti lake (kwa miezi mingi baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kufuta oili tu, kiti nakitazama kwa mbali). Mzee Ng'wandu akaja anahema, fimbo imevunjika, akasema, "Nimeona. Kwa macho yangu nimeona. Milembe, twende nyumbani." Nikataka ardhi inimeze. Nilikuwa nimempoteza, na nililia, sioni aibu kusema, nililia mbele za watu.

Mama hakuinuka. Alisema kutoka ndani ya kanga, na kwa kuwa hawezi kusema na mimi akasema na binti yake, lakini kwa sauti ya kutosha uwanja mzima, "Milembe, mwambie baba yako, yeye alikimbia akaniacha. Wote walikimbia. Huyu angekufa mle ndani kuliko kunivunjia heshima. Ni mjinga, sikatai, ni mjinga sana. Lakini mjinga mwenye adabu anafundishika."

Mzee akatazama kipande cha fimbo kilichobaki mkononi. Akakohoa. Akasema, "Haya. Lakini asije na hicho kitu Igoma."

Tulioana na Milembe baada ya mavuno. Nami nikaapa viapo viwili ambavyo sijavivunja: koti la mtu silivai hata kukiwa na mvua ya mawe, na siwashi kitu chenye injini kabla ya kuuliza kwanza. Baadaye nilipopata mashine ya kusaga, akina mama wakawa wamepanga foleni na vikapu vyao, mimi nimeshika mpini wa kuwashia, nikapaza sauti kama kawaida yangu, "Mama mkwe yupo?" Na kutoka nyuma kabisa ya foleni sauti ikajibu, "Yupo! Ngoja nigeuke."