Komeo la Ndani

Jina la ubatizo ni Dafrosa, lakini ukimuulizia Dafrosa pale kijijini, ng'ambo ya Sibwesa, watu watabaki wanakuna vichwa. Ulizia Mama Uji. Hapo hata mbwa watakusindikiza.

Kwa miaka tisa amesimama mbele ya sufuria mbili ambazo zingeweza kumchemsha mtu mzima na koti lake, akikoroga uji wa watoto mia tatu na kumi wa shule ya msingi. Hakuna aliyemwajiri. Alianza siku mwanawe Danford alipodondoka mstarini asubuhi. Haikuwa malaria wala degedege. Ilikuwa njaa tu, ile njaa ya kawaida isiyo hata na jina la kihospitali. Kesho yake Dafrosa aliazima kigangoni sufuria za misibani, akaomba mahindi nyumba kwa nyumba, akawasha moto nyuma ya darasa la nne. Sufuria hazikurudi. Wazee wa kigango walipozifuata, aliwajibu huku akikoroga: "Marehemu hali chakula, wazee wangu. Nyie haraka ya nini?"

Yeye mwenyewe aliishia la sita. Wala hakukatazwa kusoma. Kila masika familia yao ilihamia shambani, upande wa Mishamo, kulinda mahindi, na nguruwe pori hawana mihula. Mwaka mmoja walichelewa kurudi mpaka Juni. Akakuta wenzake wamesonga mbele, akaambiwa akae na rika la mdogo wake. Alikaa siku mbili, aibu ikamtoa. Ndiyo maana mtu akisema mbele yake kwamba mtoto fulani "kaacha shule mwenyewe", humkata kauli: "Mwenyewe na nani?"

Basi mwisho wa Mei mwaka jana, shule za jirani zikafanya ule mtihani wao wa pamoja wa darasa la saba, wanaouita ujirani mwema. Majibu yaliporudi, Mwalimu Fredrick wa hisabati alikuja jikoni na bahasha mkononi, amevimba kama andazi.

"Mama Uji, nimechoka. Naacha kazi, nikauze vocha Mpanda."

"Vocha zina hesabu pia, mwalimu. Kuna nini?"

"Kabula wa Manyanda. Sifuri! Maswali arobaini ya kuchagua, kapata sifuri. Na si somo langu tu. Kiswahili sifuri, sayansi sifuri, kote sifuri!"

Dafrosa aliacha kukoroga. Kabula alikuwa ndiye anayempigia hesabu ya uji kichwani. Ukimwambia leo wamekuja watoto mia mbili themanini na saba na ndoo ni sita, alikuwa anakutajia vikombe kabla hujamaliza kumeza mate.

"Mwalimu, ngoja nikuulize, maana mimi ni wa la sita. Ukinipa mimi hiyo karatasi, nikaweka alama kama kuku anachakura, nitapata ngapi?"

"Majibu ni matano kwa kila swali... saba, nane hivi. Kwa kubahatisha tu."

"Nane. Kuku. Sasa huyu kashindwaje hata na kuku?"

Mwalimu Fredrick akatoa karatasi kwenye bahasha, akaketi juu ya kuni, akaanza kupitisha kidole swali moja moja, midomo ikicheza kama mtu anayesali rozari.

"Ili ukose yote," alisema baadaye, taratibu, "lazima uyajue yote."

"Haya," Dafrosa akasema. "Sogea, uji unaungua."

Mchana alimwita Kabula wakasugue sufuria. Binti alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mkimya, mwenye adabu ile inayowafanya walimu wamsahau mtu.

"Nani kakutuma ufeli?"

Kabula hakujisumbua kukana. "Baba. Alisema nisifaulu."

"Sasa si ungekosa machache tu, mwanangu? Mpaka yote?"

"Hakusema machache."

Dafrosa alitaka kucheka, akajizuia. "Na huo wa taifa, Septemba?"

"Baba hajafuta neno lake."

"Nikikwambia mimi ufaulu?"

"Wewe si baba," Kabula akasema, bila kiburi hata chembe, akaendelea kusugua.

Hapo ndipo Dafrosa alipoona ukubwa wa mlima. Mtoto hakukosa akili wala nia. Alikuwa na neno la mzazi mgongoni, na neno hilo lingeondolewa na aliyeliweka peke yake. Asipoliondoa kabla ya Septemba, msichana mwenye akili kuliko wote shuleni angeketi kwenye mtihani wa taifa na kuukosa wote kwa ustadi mkubwa.

Jumamosi alfajiri alikwenda kwa Manyanda. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Alikuwa na hotuba tamu kuhusu mahari. Angemuuliza ng'ombe wa mahari wanaishi miaka mingapi na binti anaishi mingapi. Angemuuliza kama anauza mtoto au anaozesha. Kila alipopita kichuguu aliongeza sentensi.

"Mwangaluka, baba Kabula," alisalimia kwa Kisukuma, ili kuanza vizuri.

"Mwangaluka, mama." Manyanda alimpa kigoda na kibuyu cha maziwa. "Umekuja na maneno. Naona yamekujaa mpaka shingoni."

"Mahari ya ng'ombe wangapi?"

"Mahari gani?"

"Ya Kabula."

Manyanda alimwangalia kama anayetazama mgonjwa. "Nani anamuoa Kabula? Ana miaka kumi na minne. Mama Danford, umeamka vizuri kweli?"

Hotuba yote ikafia pale pale, na maziwa yakampalia.

Manyanda akanyoosha mkono. Kando ya zizi alikuwa amekaa Minza, binti yake mkubwa, anamnawisha uso mtoto wa miaka miwili. "Yule alifaulu," Manyanda alisema. "Nilichinja mbuzi. Sekondari ya kata ni kilomita kumi na nane, nikampangia chumba kule na wenzake wawili. Unajua mlango wake ulifungwa na nini? Kamba. Kamba ya katani, kama mbuzi. Kidato cha pili akarudi na huyo mjukuu. Alikuja mtu kunipa pole? Alikuja mwenyekiti kuniuliza mimba ya nani, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika taa."

Dafrosa alishusha kibuyu chini.

"Sasa Kabula akifaulu nisimpeleke, nafungwa," Manyanda aliendelea. "Sheria ipo. Akifeli, nani atanifunga? Atakaa hapa, nitamwona asubuhi, nitamwona jioni. Basi."

"Unajua kapata ngapi?"

"Nasikia hakupata kitu. Mtoto msikivu."

Dafrosa akamweleza habari ya kuku na nane zake. Alieleza mara mbili. Ya pili ilipoingia, Manyanda alifunika mdomo kwa kiganja, lakini macho yalishamsaliti.

"Yote? Hata moja halikumponyoka?"

"Hata moja."

"Eeh," alisema Manyanda, akageukia ng'ombe ili asionekane anafurahi.

Dafrosa akaiwahi nafasi. "Akipata pa kulala penye mlango wa kweli? Na komeo?"

"La ndani," Manyanda alisema papo hapo, kama mtu aliyelifikiria usiku mwingi. "Komeo la nje ni la watu wengine kumfungia mtoto. La ndani ni lake mwenyewe. Nilione kabla ya mtihani, kwa macho yangu. Siyo ramani."

"Utaliona."

Akaaga. Alipofika kwenye kile kichuguu cha hotuba, alisimama akajisema kwa sauti: "Mdomo wewe! Hosteli, kwa siku mia moja? Utajenga kwa uji?"

Lakini alijenga. Mkuu wa sekondari alimpa kiwanja nyuma ya madarasa haraka sana, kwa imani kwamba hatarudi. Alirudi na akina mama kumi na wanane na majembe. Kwenye mkutano wa wazazi, mwenyekiti wa kijiji, Osward, alisimama na shati lake la vikao.

"Ndugu zangu, bweni ni suala la serikali. Liko kwenye mpango. Tuwe na subira."

"Mwenyekiti," Dafrosa alisema kutoka nyuma, "serikali ikileta lake, hili letu tutalifanya banda la kuku wako. Nani anashika jembe?"

Walicheka, na kule ukishacheka umeshakubali. Wakafyatua matofali Juni yote, wakayachoma Julai. Fundi alitoka Mishamo, Apollinarie, mzee mwembamba anayeendesha baiskeli na pima maji limefungwa kwenye fremu, mwenye Kiswahili kilicholala kidogo upande wa Kirundi. Alikubali malipo ya mahindi na maharage. Alipoambiwa kazi iishe kabla ya mtihani, aliuliza, "Mtihani wa fundi au wa wanafunzi?"

Tatizo likawa kutoa matofali mtoni. Dafrosa alirudi kwa Manyanda, na mara hii hakuandaa hotuba.

"Nipe ng'ombe na mkokoteni."

"Ng'ombe nitatoa," Manyanda alisema. "Neno sitoi. Bado sijaona komeo."

Akaja mwenyewe na maksai wanne. Agosti nzima alibeba matofali bila kuuliza kitu, akashusha, akageuza, akaondoka. Wanaume waliokuwa wakipita na baiskeli zao kutazama kazi ya akina mama, walipomwona Manyanda, wakaanza kuona aibu, na aibu ikawashusha kwenye baiskeli.

Septemba ikaingia, kuta zikiwa zimepita juu ya madirisha. Bati hazikuwepo. Zilizoahidiwa kutoka mjini, kwa mfanyabiashara mmoja wa Majengo, zilikuwa bado zinaahidiwa. Ilikuwa Jumatatu, na mtihani ulikuwa Jumatano.

"Weka mlango," Dafrosa alimwambia Apollinarie.

"Mama, mlango unawekwa nyumba ikiwa na kichwa. Hii haina kichwa."

"Weka mlango mmoja, chumba cha kwanza. Mninga, bawaba tatu, na komeo la chuma kwa ndani. Liingie ukutani nusu kidole."

"Watu watacheka. Mlango una komeo, na juu mwewe anaingia."

"Mimi nimechekwa tangu la sita, fundi. Weka."

Jumanne saa nne, Manyanda alifika. Kweli watu walikuja kucheka, mwenyekiti akiwa wa kwanza. Manyanda hakumwangalia mtu. Aligonga fremu kwa kifundo cha kidole. Akashika bawaba ya juu, ya kati, ya chini. Kisha akaingia ndani peke yake, akafunga, na wote nje wakasikia chuma kikiteleza na kugota.

"Mama Danford," sauti ilitoka ndani. "Sukuma."

Dafrosa akasukuma.

"Hujasukuma. Sukuma kama mtu mwenye nia mbaya."

Dafrosa alirudi nyuma hatua tano akaja na bega, na Dafrosa si mwembamba. Mlango ukatoa mlio mmoja wa kichovu, haukusogea.

"Mwongeze mwenyekiti."

Osward alitaka kucheka kikubwa, lakini akina mama walishamsogeza mbele. Akaweka bega, shati la vikao na yote. Apollinarie naye akaingia, kwa kuwa ilikuwa heshima ya kazi yake kushindwa. Watatu walisukuma mpaka mshipa wa shingo ya mwenyekiti ukatoka. Mlango ukakaa.

"Basi," alisema Manyanda.

Lakini hakufungua. Walisubiri. Juu ya kuta palikuwa na anga tupu. Mtu mmoja akataka kutania, Dafrosa akamkanyaga mguu. Alikuwa anajua Manyanda hayuko peke yake mle ndani. Alikuwa na Minza, na kile chumba cha kamba, na usiku ambao hakuwepo.

Komeo lilipofunguka, Manyanda alipita katikati yao moja kwa moja mpaka kwenye baiskeli ya Apollinarie, akaipanda bila kuomba, akaondoka nayo, pima maji likigongana na fremu.

Dafrosa alichelewa kupata bodaboda, akafika shule ya msingi dakika chache tu baada yake. Alimkuta amesimama jikoni na vumbi mpaka kwenye kope, Kabula amepiga goti mbele yake kumsalimu.

"Lile neno," Manyanda alikuwa anasema. "La kutofaulu. Nimelifuta."

Kabula alimwangalia Dafrosa, kisha baba yake. "Lote, baba?"

"Lote."

"Hata hisabati?"

"Hisabati ndiyo kabisa."

"Haya, baba," Kabula alisema. Akanyanyuka, akafuta goti, akaenda kuomba penseli nyingine kwa Mwalimu Fredrick.

Jumatano na Alhamisi Dafrosa hakuruhusiwa kusogelea shule. Siku za mtihani wa taifa mpishi naye ni mgeni. Alikaa kwake akichambua maharage ambayo tayari yalikuwa yamechambuliwa. Alhamisi jioni alisikia magurudumu, akatoka. Manyanda alikuwa na mkokoteni umejaa miti iliyonyooka.

"Miti ya paa," alisema. "Nyie bati mmefikia wapi?"

"Baba Kabula, mtoto kaweka kalamu chini leo hii. Matokeo hata hayajatoka!"

"Mvua ni Novemba. Sikuuliza matokeo, nimeuliza bati. Au mwanangu alale na huyo mwewe wa fundi?"

Dafrosa alimtazama, akaona amepata mtu wa kumsumbua zaidi ya anavyosumbua yeye. Akafunga kanga vizuri, akapanda juu ya miti. Akamwambia waanzie kwa mwenyekiti Osward, kwa sababu yule bwana alikuwa na bati kumi na mbili zinazozeeka nyuma ya choo chake, na mpaka saa ile alikuwa hajajua kwamba ameshazichanga.