Lozi Chungu za Jumapili

Mama yangu alimpiga mwanangu kofi la mkononi mbele ya mgeni, na biskuti ikaruka ikaenda kuishia chini ya friji. Mtoto ana miaka sita. Alikuwa ameifikisha biskuti mdomoni, bado kuuma tu. Mimi nilibaki nimeshika birika la kahawa, mdomo wazi. Katika nchi hii ya Waswidi mtoto hapigwi hata kwa kanga, na Mama nilishamweleza hilo njiani kutoka uwanja wa ndege.

Mgeni mwenyewe ni bibi wa Kiitaliano anayekaa ghorofa ya chini yetu hapa mtaani Hagsätra. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia cha jengo, ambako kila mtu huandikisha zamu yake, na yeye alikuwa na tabia ya kujiingiza kwenye zamu yangu. Tuligombana vizuri sana, kisha tukapatana, na katika kupatana akanifundisha kuoka biskuti za lozi za kwao. Hazina ngano wala siagi. Unasaga lozi, unachanganya na sukari na ute mweupe wa yai, unaviringisha madonge madogo kwenye sukari laini, unayabana kwa vidole, basi. Yakiiva yanapasuka juu, ndani yanabaki laini.

Kinachozipa ladha ni lozi chungu. Huuzwa katika kipakiti kidogo, na bibi alinionya mapema: zikiwa mbichi zina sumu, ziweke mbali na mtoto. Lakini ukizisaga chache tu katika bakuli zima, zikapita motoni, hazina neno. Bila hizo, alisema, unaoka sukari.

Asubuhi hiyo, tuliporudi kanisani, nilizimwagia lozi maji ya moto nikampa Mama amenye. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka kwetu Bukavu, na Mama hajui kukaa mikono mitupu. Alimenya lozi tamu zote, akafika kwenye zile chungu nilizozitenga kwenye kisosi. Akachukua moja, akaing'ata ncha, akatema.

Sikushangaa. Kwetu ndivyo mwanamke anavyopima muhogo. Anauma ncha mbichi, na ulimi unamwambia kama ni mtamu au ni ule wa kulowekwa kwanza ili sumu itoke.

"Hii iko na sumu," alisema.

"Najua, Mama. Tunatia kidogo tu. Moto unaimaliza."

Aliinua macho. "Nani alikuambia moto unamaliza?"

"Bibi wa chini. Kwao wanazila tangu zamani na bado wapo."

"Tuloweke kwanza. Siku tatu. Tumwage maji, tutie ingine."

Nilicheka, tena kwa sauti. Nikamwambia lozi si muhogo, na mgeni anakuja mchana huu, si katikati ya wiki. Mama alifuta mikono, akanisogezea kisosi, na mimi nikadhani yameisha.

Biskuti zilipoanza kuiva, harufu ikajaa nyumba nzima. Ni harufu nzuri, ya kumfanya mtu asubiri mbele ya oveni. Mama alifungua mlango wa roshani akaenda kusimama nje, kwenye baridi, na kitenge chake kichwani. Nilimfokea kwamba anatupotezea joto. Akarudi ndani mgeni alipobisha hodi, akamsalimia kwa mikono miwili, akakaa. Halafu mtoto akaja mbio kutoka chumbani kwake, akachukua biskuti, na kofi likatua.

"Mormor slog mig!" mwanangu alilia, kwa Kiswidi kama kawaida yake, akimshitaki bibi yake kwangu kwamba amempiga. Akakimbilia chumbani akabamiza mlango.

Mama hakumtazama hata. Alibeba sahani nzima akaimwaga kwenye sinki, akafungulia maji juu yake.

"Mama! Una nini wewe?" Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa inageuka uji mbele ya mtu aliyenifundisha, na aibu ilinichoma mpaka masikioni.

"Na mimi waliniambia moto unamaliza," alisema.

Aliyasema hayo akiwa amenipa mgongo, maji yanatiririka. Kisha akaeleza, kidogo kidogo. Walikuwa wanakimbia vita, wamepita msituni, wakakuta shamba la muhogo ambalo wenyewe walikuwa wamelihama. Kila mwanamke pale aliung'ata akajua ni ule mchungu. Lakini nani angekaa siku tatu kuloweka, na risasi zinasikika nyuma? Mmoja akasema wauchemshe sana, moto utamaliza.

"Tulipika mpaka maji ikakauka," Mama alisema. "Sisi wakubwa tulitapika, tukapona. Mukubwa wako alikuwa mudogo. Nilimupa wa kwanza, juu ya njala alikuwa analia."

"Mkubwa wangu yupi?" nikauliza. "Mkubwa si mimi?"

Hilo halikuwa swali la mchezo. Mimi ndiye mkubwa. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo ninavyojibu nikiulizwa. Wadogo zangu wakigombana ni mimi ninayepigiwa simu, na kila neno zito la ukoo lazima lipite kwangu.

"Dada yako ndiye mukubwa. Wewe ulikuwa ndani ya tumbo," Mama alisema.

Nilikaa chini pale pale, kwenye sakafu ya jiko, na birika la kahawa nikiwa bado nimelishika. Nilikuwa na dada. Nilikuwa na dada, na maisha yangu yote hakuna mtu aliyenitamkia. Alikula muhogo ule, na Mama akaula, na mimi nilikuwa ndani ya Mama. Nilijaribu kulifikiria hilo na akili ikagoma kabisa.

Bibi wa Kiitaliano hakuwa ameelewa hata neno. Aliinama polepole, akaniuliza kwa Kiswidi kama amekosea jambo. Mimi Kiswidi chote kilikuwa kimenitoka. Nilitikisa kichwa tu, na yeye akaenda kufunga bomba, kisha akasimama kando ya Mama bila kumgusa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Baba yako alikataa. Alisema mutoto hawezi kuzaliwa na kilio ya mwingine."

"Aliitwa nani?"

Mama aligeuka. Alinitazama kwa mshangao, kama vile mimi ndiye niliyeficha. Alinyoosha kidole, akaonyesha mlango wa chumba cha mwanangu.

Mwanangu alipozaliwa Mama alipiga simu kutoka Bukavu akaomba jambo moja tu, ampe jina yeye. Nilikubali bila kuuliza. Nilidhani ni la bibi fulani wa ukoo. Ni jina ninaloliita kila asubuhi, mara nyingi kwa ukali, viatu havionekani na tumechelewa shule.

Nyuma ya mlango alikuwa bado analia. Nilitaka kumwita aje nimkumbatie. Nilifungua mdomo, na jina halikutoka.