Weusi wa Mume wa Shangazi

Mume wa shangazi yangu alikuwa mweusi wa kung'aa, na kila picha aliyopigwa maishani ilimdhulumu. Kwenye kitambulisho yalibaki meno na kola ya shati. Alipofariki, shangazi aliniletea negativu moja, ile filamu ya kusafishia picha yake, iliyohifadhiwa ndani ya kopo la majani ya chai.

"Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi, huko Kulesa," alisema. "Namtaka mezani, mweusi vilevile, lakini aonekane. Ukiniletea kivuli, nitakuweka wewe mezani."

Sikucheka. Shangazi hutania watu wanapolia tu.

Kusafisha picha sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Garsen, madirisha nimeyaziba kwa magunia. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa mamba. Nilikuwa nikipima poda, nikitia shaka, nikimwaga, nikianza upya.

Dawa ya kuitokeza picha kwenye karatasi huchanganywa kwa njia nyingi. Ukizidisha poda ya haidrokwinoni, weusi unakuwa wa makaa, na uso kama ule hupotea wote. Ukitumia poda ya pili, metoli, peke yake, dawa inakuwa laini: inaokota shavu, kope, mkunjo wa paji la uso, lakini weusi unalegea. Nilitaka vyote viwili. Nikaamua metoli iwe nyingi, haidrokwinoni kidogo, kisha magadi, ambayo ndiyo huiamsha dawa.

Yakabaki maji. Ya chupa nilikuwa nimeyamaliza kwa michanganyiko niliyoikataa na kuimwaga. Ya kisima kwetu ni ya chumvi. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni akinichunga.

"Si uchote ya mvua, kwenye tangi la kanisa?"

Nilikwenda nikachungulia, nikaona viluwiluwi vya mbu vikicheza humo. Nikarudi na ndoo tupu.

"Mume wangu aliyanywa ya namna hiyo maisha yake yote," alisema. "Picha yake ndiyo iyaogope?"

Nikachukua ya mto. Kama nyumba nyingi za kwetu, huwa tunayatakasa kwa shabu: unakizungusha kile kipande cheupe ndani ya ndoo, tope linashuka, maji yanabaki juu. Mama huzungusha kidogo tu. Mimi nilizungusha mpaka mkono ukauma, nikangoja, nikazungusha tena, hadi nikaona chini ya ndoo kama ninatazama kioo. Niliona fahari.

Nilipotia magadi, dawa ilitoa povu, kisha ikafanya vipande vyeupe, kama maziwa yaliyokatika. Nilijua kuna jambo haliko sawa. Nikaichuja kwa kitambaa na kujiambia kwamba sasa imekuwa safi zaidi. Leo naelewa kuwa shabu ilikuwa imeyala magadi, na bila magadi dawa ile imelala. Lakini siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na karatasi ya picha ilikuwa imebaki moja. Nyingine nilikuwa nimezikata vipande vya majaribio.

Nikaimulika negativu juu ya karatasi, nikaitumbukiza karatasi kwenye dawa, na chini ya taa nyekundu uso ulikuja polepole. Niliuacha ndani ya dawa muda mrefu, nikamwona: shavu, kope, mkunjo. Nililia kwa furaha. Taa nyekundu hudanganya. Asubuhi, juani, alikuwa wa rangi ya majivu.

Huko Kulesa, shangazi aliishika fremu mbali na uso wake.

"Huyu Mzungu ni nani?"

Wanawake waliokuwa wakisonga sima walicheka hadi mmoja akaangusha mwiko. Niliomba tuifiche.

"Itakaa mezani," alisema. "Nawe utasimama kando yake. Kila anayeingia, mwambie ni nani, maana mwenyewe hawezi kusema."

Nikasimama. Jua lilipanda, watu wakaja.

"Huyu ni mume wa shangazi."

"Alaa! Kumbe aliugua ini?" aliuliza mama mmoja.

"Huyu ni mume wa shangazi."

"Mbinguni kuna sabuni nzuri," alisema mzee wa kanisa, na waliomfuata wakaziba midomo kwa leso.

Kisha akaingia mdogo wa marehemu, mkulima asiyependa maneno mengi. Akavua kofia, akainama karibu na kioo cha fremu.

"Huyu ni mume wa…"

"Namjua." Hakucheka. "Ndivyo alivyokuwa siku tuliyomtoa majini."

Shangazi alikuwa nyuma yake, amebeba sinia la chai. Nilisikia vikombe vikigongana. Shemeji yake aligeuka, akamwona, akatoka nje bila kuvaa kofia yake.

Shangazi aliweka sinia mezani. Aliitazama picha muda mrefu, na safari hii hakuishika mbali. Nilingoja aifunike. Nilingoja aniambie niketi. Aliufuta mvuke wa chai kwenye kioo kwa ncha ya leso, kisha akanigeukia.

"Mbona umenyamaza?" alisema. "Wageni wanaingia."